Chupa ya Plastiki Ina Mwenyewe

Mwalimu aliyeko Mwanza hana haja ya kutafuta kitabu ili alianze somo hili. Na angoje mvua moja kubwa ya masika ikatike, kisha awachukue wanafunzi wake akasimame nao kwenye daraja mojawapo la mto Mirongo, pale unapokatiza jijini kwenda kumwaga maji yake ziwani. Maji yanayoteremka kutoka vilima vya mawe, ambako watu wamejenga hadi vileleni mahali ambapo gari la taka haliwezi kufika, hupita hapo yakiwa na rangi ya udongo. Huwa yamebeba kila kitu kilichokuwa kimelala mitaroni tangu kiangazi: matawi, ndala zilizokatika, maganda ya muwa, na chupa za plastiki zisizo na hesabu. Hapo mwalimu na awaulize wanafunzi swali la fizikia: mbona karibu chupa zote zinazoelea zina vifuniko?

Chupa ya maji au ya soda aghalabu hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polietilini tereftalati, ambayo kwa ufupi huitwa PET, na ambayo hutiwa alama ya namba 1 ndani ya pembetatu katika kitako cha chupa. Sentimita moja ya ujazo ya PET ina uzito wa gramu 1.38 hivi, na ya maji ina gramu 1. Kwa hiyo PET ni nzito kuliko maji, nayo huzama. Kinachoielesha chupa ni hewa iliyofungiwa ndani yake. Kifuniko hutengenezwa kwa plastiki ya aina nyingine, polietilini au polipropilini, iliyo nyepesi kuliko maji, nacho huelea daima. Asiyesadiki na akate kipande cha chupa na kipande cha kifuniko, avitumbukize vyote viwili katika bilauri ya maji, atazame.

Jaribio hilo dogo lina maana kubwa kwa ziwa letu. Chupa iliyotupwa wazi hujaa maji, ikazama, ikasahauliwa. Zile tunazozilalamikia ufukweni, zilizokwama katikati ya magugumaji, ni zile tu ambazo mnywaji alizifunga kabla ya kuzitupa. Vifuniko vilivyotapakaa peke yake mchangani vyatukumbusha kwamba chupa zake ziko mahali pengine, na aghalabu mahali hapo ni chini ya maji. Tunayoyaona, basi, ni sehemu tu ya tuliyoyatenda.

Na ziwa hili si bahari. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Maji yake yana mlango mmoja wa kutokea, yaani mto Nile huko Jinja upande wa kaskazini. Mwanza iko kusini kabisa, kwenye ghuba ndefu na nyembamba. Isitoshe, sehemu kubwa ya maji yanayoondoka ziwani haiendi na mto wowote bali hugeuka mvuke, na mvuke haubebi plastiki. Kinachoingia kwa Mirongo hukaa.

Hukaa wapi? Mwaka 2016 watafiti wa Tanzania na Denmark walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa samaki walionunuliwa katika soko la bandarini hapa Mwanza: sangara 20 na sato 20. Walipasua matumbo na kutafuta. Vitu vilivyodhaniwa kuwa plastiki vilionekana katika sangara 11 na sato 7. Walipovipima vitu hivyo kwa mwanga wa infraredi, ambao huitambulisha kila polima kwa namna inavyofyonza mwanga huo, plastiki ilithibitika katika samaki mmoja kati ya kila watano, kwa sangara na kwa sato vilevile. Napenda wanafunzi waone jinsi hesabu ilivyopungua baada ya kipimo cha kemia. Hiyo ndiyo adabu ya sayansi, kutodai zaidi ya kilichothibitika. Lakini hata hicho kilichobaki chatosha. Ulikuwa ushahidi wa kwanza kuchapishwa wa plastiki ndogondogo ndani ya samaki wa Maziwa Makuu ya Afrika, nao ulitoka katika soko letu, katika samaki wa kitoweo chetu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Tukiuliza ni nani mwenye kosa, jibu huja upesi mno: ni mwananchi, hana ustaarabu, hutupa ovyo. Jibu hilo nimelisikia katika semina, katika hotuba, na hata katika insha za wanafunzi wangu mwenyewe, na sikatai kwamba lina chembe ya kweli. Nalipinga kwa sababu linaanza kuisoma hadithi katika ukurasa wake wa mwisho.

Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi ufukweni kushiriki katika siku ya usafi. Mfadhili alikuwa kampuni moja ya vinywaji ambayo sitaitaja. Ilitupatia fulana zenye nembo yake, glavu, na msemaji aliyetueleza kwa ufasaha kwamba uchafu ni tabia. Jua lilipopanda, gari la kampuni likaja na shehena ya maji ya kunywa, bure, katika chupa za plastiki. Tulikuwa na kiu, tukanywa. Mwisho wa kazi magunia yalipangwa mstari kwa ajili ya picha. Lebo za chupa zilisomeka vizuri kabisa, na majina ya wenye bidhaa yalionekana wazi, lakini hakuna aliyekuja kuuliza ngapi ni zake. Kisha gari la jiji likaja kuyachukua magunia yale kwenda dampo la Buhongwa, kwa gharama za jiji. Mwanafunzi mmoja akanisogelea na kuniuliza, "Mwalimu, hizi tulizokunywa leo tuzihesabu pamoja na takataka tulizookota, ama zina hesabu yake?" Nilicheka, kisha nikaona kwamba sina jibu.

Swali hilo limenifundisha kuzitazama chupa mbili zinazouzwa katika duka moja. Mwanza kuna kiwanda cha soda cha Nyanza Bottling, na kuna kiwanda cha bia cha TBL. Kwa miaka mingi vinywaji vya viwanda kama hivi vimewafikia wanywaji katika chupa za kioo, ndani ya kreti, na chupa hizo hurudi. Mwenye duka hanunui kreti ya soda bila kukabidhi kreti ya chupa tupu, au kuweka fedha ya dhamana badala yake. Naye mwenye duka humbana mnunuzi vilevile: njoo na chupa, au kunywa hapahapa, au acha dhamana. Lori lililoleta zilizojaa huondoka na tupu, zikaenda kuoshwa kwa maji ya moto na magadi makali, zikajazwa tena. Chupa moja hufanya safari hiyo mara nyingi kabla ya kuvunjika au kuchakaa.

Hebu tujiulize: nani amewahi kuona mto Mirongo umejaa chupa nzima za soda za kioo? Mtu yuleyule, wa mtaa uleule, mwenye tabia ileile inayosemwa kuwa mbovu, ambaye akimaliza maji huitupa chupa ya plastiki mtaroni bila kugeuka nyuma, huilinda chupa ya kioo kama mali ya kuazima. Akiivunja husikitika. Mtoto akiisahau kwa jirani hurudishwa akaifuate usiku. Katika maabara tungesema kwamba jaribio hili limefanywa vizuri: mambo mengine yote yamebaki vilevile, likabadilishwa moja. Na hilo moja si tabia ya mtu. Chupa ya kioo ina mwenyewe, naye mwenyewe ameweka utaratibu wa kuirejesha kwa sababu ni mali yake na anaihitaji. Chupa ya plastiki, mara tu pesa inapobadilisha mikono, huwa haina mwenyewe. Huwa ni takataka ya anayeishika, kisha ya mtaa, kisha ya halmashauri, na mwishowe ya sangara.

Mabadiliko hayo hayakuletwa na mnywaji. Yaliamuliwa katika meza za wenye viwanda, na sababu zake si siri. Plastiki ni nyepesi, haivunjiki, haihitaji mashine ya kuosha wala lori la kurudi na tupu. Kwa mwenye kiwanda hiyo ni tija. Lakini gharama ile ya kukusanya, kuosha na kurejesha haikuyeyuka, ilihamishwa. Wanauchumi wana msamiati wao kwa jambo hili, nami nitasema tu kwamba faida ilibaki kiwandani na hasara ikagawiwa wananchi.

Wala sisi si wa kwanza. Mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili, bia na soda nchini Marekani ziliuzwa kwa wingi katika chupa za kurudishwa. Makampuni yalipoanza kuingiza vyombo vya kutupa, wakulima wa jimbo la Vermont walilalamika juu ya chupa zilizokuwa zikitupwa mashambani, na mwaka 1953 bunge la jimbo hilo likapiga marufuku uuzaji wa bia katika chupa zisizorudishwa. Mwaka huohuo makampuni ya vifungashio na vinywaji yakashirikiana kuunda chama cha usafi kilichoitwa Keep America Beautiful. Sheria ya Vermont ilipofikia ukomo wake mwaka 1957 haikufufuliwa. Chama kile kilistawi. Mwaka 1971 kilitoa tangazo la televisheni lililopata umaarufu mkubwa: mwanamume aliyevaa kama Mhindi Mwekundu anatazama taka za barabarani, na chozi linamtiririka, huku watazamaji wakiambiwa kwamba uchafuzi huanza na watu, na watu ndio wawezao kuukomesha. Mwigizaji mwenyewe, ilikuja kujulikana baadaye, alikuwa wa asili ya Kiitalia. Neno "watu" katika tangazo lile lilifanya kazi kubwa, kwa maana lilimjumuisha kila mtu isipokuwa aliyechagua chupa. Mwaka huohuo wa 1971 jimbo la Oregon likashika njia nyingine: lilitunga sheria ya dhamana ya senti 5 kwa kila chupa au kopo la bia na soda. Ilikuwa sheria ya kwanza ya aina hiyo katika Marekani, na majimbo mengine kadhaa yakaifuata.

Mimi niliionja njia hiyo nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari huko Ujerumani. Tangu mwaka 2003 sheria ya nchi ile hutoza dhamana ya senti 25 za Yuro juu ya vyombo vya vinywaji vya kutumika mara moja, hali chupa ya bia ya kioo inayojazwa tena hutozwa senti 8 tu. Duka linalouza chupa hizo hulazimika kuzipokea zikiwa tupu. Unaitia chupa katika mashine, nayo huitambua kwa alama zake, na mwisho hukupa risiti ya kwenda kulipwa. Nilikwenda kule nikiamini kwamba Wazungu wamezaliwa wasafi. Nikakuta kwamba jioni za Jumamosi hutupa ovyo kama sisi, ila chupa hazilali chini, maana kuna wazee wa pensheni ndogo na wanafunzi wa posho ndogo wanaozipitia. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sioni haya kusema kwamba majuma mengine chupa zilininunulia mkate.

Hapa nyumbani nasi tunao waokotaji, na wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Lakini tuifanye hesabu yao, ambayo yafaa kwa darasa la Kidato cha Kwanza. Tuseme chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 20. Chupa 50 ndizo zinazofanya kilo moja. Mwokotaji huuza kwa kilo, kwa bei inayopangwa na mnunuzi, na bei hiyo hufuata soko la plastiki la dunia ambalo mwokotaji halijui. Kwa hiyo huinama mara 50 ili apate kilo, na chupa iliyo mbali kidogo, iliyo ndani ya mtaro mchafu, au iliyobondeka na kujaa matope, haifai kuinamiwa. Sasa tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kila chupa ina dhamana ya shilingi 100. Kilo ileile ingekuwa na shilingi 5,000 ndani yake. Chupa ya mtaroni ingefuatwa. Wengine wasingeitupa kamwe, wangeirudisha wenyewe. Tofauti ni kwamba fedha hiyo ingewekwa tangu mwanzo wa safari ya chupa, mahali ambapo kampuni ipo na inaweza kushikwa mkono.

Najua yatakayosemwa kunipinga, na baadhi ni ya haki. Chupa ya kioo ni nzito, na kuisafirisha na kuiosha hula mafuta, maji na kuni za mashine, kwa lugha ya mtaani. Ni kweli. Kwa kinywaji kinachotengenezwa Mwanza na kunywewa Mwanza, Geita au Sengerema, safari ni fupi na kioo hushinda kwa urahisi. Kwa chupa inayotoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, hesabu huwa ngumu zaidi. Ndiyo sababu sidai plastiki ifutwe. Tena kipindupindu kimetufundisha sote thamani ya maji yaliyofungwa vizuri, na mgonjwa wa Bugando anayeletewa maji ya chupa hana haja ya hotuba yangu. Ninachodai ni kwamba aliyechagua chombo abaki nacho katika hesabu zake mpaka mwisho.

Hoja ya pili husema kwamba plastiki itayeyushwa na kutumika upya. Hii naikubali kwa shingo upande. Watafiti watatu wa Marekani walikadiria mwaka 2017 kwamba katika taka zote za plastiki zilizopata kutokea duniani hadi mwaka 2015, asilimia 9 tu ndizo zilizorejelewa, 12 zikachomwa, na 79 zikaishia madampo au mazingirani. PET safi hurejelewa vizuri. Hiyo ni bahati yetu. Lakini vifuko vidogo vya sabuni na vya bisikuti vina matabaka ya plastiki za aina mbalimbali zilizogandamizwa pamoja, pengine na karatasi ya alumini, na kuyatenganisha ni kazi ambayo hakuna kiwanda kinachoitamani. Hata mwokotaji huyaruka. Aliyebuni kifuko kile alijua, au alipaswa kujua, kwamba hakina pa kwenda.

Hoja ya tatu ndiyo inayonishangaza: kwamba makampuni yenyewe yameahidi. Tuitazame ahadi moja, ya kampuni iliyo kubwa kuliko zote katika biashara hii. Mwaka 2018 Coca-Cola ilitangaza kwamba ifikapo mwaka 2030 itakusanya chupa au kopo moja kwa kila moja inayouza duniani. Mwaka 2022 ikaongeza kwamba ifikapo mwaka huohuo angalau asilimia 25 ya vinywaji vyake vitauzwa katika vyombo vya kurudishwa na kujazwa tena. Nilifurahi niliposoma, nikasema utaratibu wa kreti umepata utetezi kwa mwenyewe. Desemba 2024 malengo yakaandikwa upya: sasa ni kukusanya asilimia 70 hadi 75 ifikapo mwaka 2035, na lile la vyombo vya kujazwa tena halimo. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa kuwa ahadi ya hiari huwekwa na mtoaji na huondolewa na mtoaji. Mwanafunzi akijiwekea mtihani, akajipangia tarehe, kisha akajisahihishia mwenyewe, sisi walimu tungesemaje?

Yabaki basi kwa dola. Kwa upande huu nchi yetu haiko mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeitaja wazi kanuni ya kwamba mchafuzi na alipe. Mwaka 2017 pombe kali za vifuko vya plastiki, viroba, zilipigwa marufuku; tuliambiwa haitawezekana, na ikawezekana, pombe ikahamia kwenye chupa. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ikafuata. Nilikuwapo sokoni siku zile na niliona jinsi vikapu na mifuko mbadala ilivyochukua nafasi yake katika muda wa majuma machache. Jambo hilo lilikuwa la fahari, nami sitaki lipunguziwe sifa. Lakini tusome kanuni zake kwa makini. Mama anayekutwa na mfuko wa plastiki anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kufungwa siku zisizozidi saba. Vifungashio vya plastiki vya bidhaa za viwandani, vikiwamo vya vyakula, havikuguswa na katazo hilo. Kwa maneno mengine, sheria ilimshika anayebeba kutoka dukani, ikamwachia anayepakia kutoka kiwandani.

Jirani zetu wa Kenya walikwenda hatua moja mbele mwaka 2022, walipotunga sheria ya usimamizi wa taka inayomtaka kila mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Tutaona utekelezaji wake. Sheria nzuri zisizotekelezwa tumeziona sote. Kwa upande wa mataifa, mazungumzo ya mkataba wa plastiki yaliyoamuliwa Nairobi Machi 2022 yalimalizika Geneva Agosti 2025 bila makubaliano. Mwanza haiwezi kungoja Geneva. Ziwa tunalogawana na Kenya na Uganda halitangoja pia, na kiwanda cha upande mmoja hupeleka takataka upande wa pili bila pasipoti.

Kama wako wanaodhani kwamba kampuni haiwezi kuwajibika kwa mambo yaliyo nje ya lango lake, na wakumbuke yaliyotokea hapahapa mwaka 1999. Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba walikuwa wakivuliwa kwa sumu. Viwanda vya minofu vya Mwanza havikuweza kujibu kwamba mvuvi ni mtu mwingine na mtumbwi si wao. Mnunuzi alitaka kujua habari za samaki tangu mwaloni, na bila habari hizo hanunui. Ukaguzi ukawekwa tangu samaki anapoteremshwa, vipimo vya mabaki ya sumu vikafanywa, na leo Nyegezi kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Wajibu ulivuka lango la kiwanda, ukashuka hadi ufukweni. Ulishuka kwa sababu aliyeutaka alikuwa na nguvu ya kusema la. Je, samaki anayekwenda Ulaya ana haki ya kufuatiliwa kutoka ziwani hadi kiwandani, na chupa inayotoka kiwandani isifuatiliwe hadi ziwani?

Ninalopendekeza si geni, wala halihitaji mashine za Ujerumani. Dhamana itozwe kwa kila chupa ya PET inayouzwa nchini, na kila duka linaloiuza lilazimike kuipokea. Malori yanayoshusha maji na soda yapakie tupu, kama yanavyopakia kreti. Kifungashio kisichoweza kukusanywa wala kurejelewa kitozwe zaidi, hata mbunifu wake aone kwamba kukibadilisha ni nafuu. Na pale kinywaji kinapotengenezwa na kunywewa katika mkoa mmoja, kampuni iulizwe kwa nini imeacha kioo, nayo itoe sababu kwa maandishi. Fedha za dhamana ambazo hazikudaiwa zipewe halmashauri za Nyamagana na Ilemela, ambazo hadi sasa ndizo zinazolipa gari la kwenda Buhongwa.

Walimu wanaweza kuanza kabla ya sheria. Wakusanye na wanafunzi takataka za kona moja ya uwanja wa shule kwa juma moja, wazipange kwa majina ya watengenezaji yaliyoandikwa kwenye lebo, wachore grafu, na wawapelekee watengenezaji hao nakala kwa barua yenye mhuri wa shule. Ni kazi ya hisabati, ya kemia na ya uraia kwa pamoja. Ningependa sana kusoma majibu yatakayokuja.

Juzi jioni nilisimama katika duka moja la Kirumba. Mtoto wa miaka kama minane alikuja na noti ya shilingi elfu mbili akaomba soda. Mwenye duka, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake la madeni, akamwuliza, "Chupa iko wapi?" Mtoto akashika kichwa, akageuka, akaruka mtaro uliojaa chupa za maji, akakimbia nyumbani kuifuata ile moja.